Sindano ya Mgongo, Mimi na Mama Mkwe

Jamani, nimerudi. Kila anayepita barazani kwangu anauliza yaliyonikuta, na kila ninayemjibu anaondoka na nusu ya habari, ile nusu nyingine anaitunga mwenyewe njiani. Juzi nimesikia kwamba huko Chole wanasema nimetiwa vyuma mgongoni. Kilindoni nako kuna wanaoapa kuwa nilikwenda kupasuliwa busha, na hao nawajua wamelitoa wapi, nitaeleza. Basi nimeona niandike yote kwa mkupuo, mpeane, mniache nishone kanzu za watu. Mambo ya rufaa na miadi nimeyaruka. Hayana utamu.

Kwa asiyenijua, mimi ni Bakari, fundi cherehani wa hapa kisiwani Juani, Mafia. Tangu masika nilikuwa na maumivu yanayoanzia kiunoni, yanashuka tako la kushoto, yanapita nyuma ya paja na ubavuni mwa muundi hadi kidole gumba cha mguu. Ilikuwa kama mtu ametunga uzi ndani ya mguu wangu kisha akauvuta ukakunjana. Kusimama niliweza, kulala kifudifudi niliweza. Kukaa kitako ndiko kulikonishinda kabisa. Sasa fundi cherehani asiyeweza kukaa ni fundi wa nini? Na mguu huo wa kushoto ndio wa kukanyagia. Mwisho kidole gumba kikaanza kulegea, kandambili ikawa inanivuka njiani, naendelea kutembea, mpaka mtu ananiita nyuma kwamba Fundi, umeacha kiatu.

Nilikwisha kandwa, nikaumikwa, nikapakwa mafuta ya kila rangi, nikameza vidonge vya zahanati. Daktari wa Kilindoni akanipima, akasema mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, niende Dar kwa bingwa kabla mguu haujalegea zaidi. Nyumbani wakaanza kunitisha. Kila mtu alikuwa na habari za bwana mmoja wa Jibondo aliyeguswa mgongo na madaktari akarudi amebebwa. Jina la bwana huyo hakuna aliyelijua, lakini wote walijua kwamba hakutembea tena.

Shida ikawa nani anisindikize. Ndugu zangu wa kiume walikuwa dago, huko wanakopiga kambi ya uvuvi, na mke wangu Zuhura alikuwa na mwani umeiva, na bamvua hilo, siku za maji kupwa mbali, likimpita mazao yote yanakatika na kwenda na maji. Akajitokeza mama yake. Mama mkwe wangu, Bi Jaha, ana mdogo wake anayekaa Mbagala, kwa hiyo pa kufikia tulikuwa napo. Mimi nilijaribu kukataa kwa adabu. Nyote mnajua heshima ya mkwe. Tangu nioe sijapata kula naye sinia moja, akipita napunguza sauti, na yeye akiniona nimevaa msuli tu hugeuza njia. Leo ndiye anipeleke hospitali nikaonyeshe kiuno? Lakini alikwisha funga kapu lake.

Juani mpaka Utende

Tulipanda mashua ya Makame, ambayo siku hiyo ilikuwa imejaa viroba vya mwani mkavu wa kupeleka Kilindoni. Kwangu ilikuwa bahati. Nilipanda juu ya viroba nikalala kifudifudi, uso nimeuelekeza tezi, nyuma ya chombo, na nikwambieni hakuna godoro lililowahi kunifaa kama lile, ukivumilia harufu. Mama mkwe akaenda kukaa omoni, mbele kabisa, akanipa mgongo. Hakutaka kumwona mume wa binti yake amelala makalio juu mchana kweupe. Akajifunika buibui mpaka puani kwa sababu ya upepo, akawa anatazama bahari.

Sasa fikirini watu waliokuwa pwani ya Utende waliona nini. Mashua inaingia taratibu, mtu amenyooshwa juu ya viroba hatikisiki, na mama wa makamo mbele amejifunika, ameinamisha kichwa. Mzee mmoja akavua kofia. Nikasikia sauti zinasema inna lillahi, na wanaume wakaanza kuingia majini kuja kunipokea kwa heshima zote. Nilipoinua kichwa nikasema asalamu aleikum, mmoja wao alirudi nyuma akakaa majini. Wengine walicheka mpaka wakaishiwa nguvu, kisha wakanishusha polepole kama yai. Yule aliyelowa alinidai dua badala ya radhi, nikamwombea hapo hapo.

Utende mpaka Kilindoni

Bodaboda sikuweza, bajaji sikuweza. Tukapata gari dogo la mizigo lililokuwa linarudi tupu, Mama mkwe akapanda mbele na dereva, mimi nikasimama nyuma nimeshika bomba. Ile lami ni nzuri, alhamdulillahi, lakini mtu mzima aliyevaa koti, amesimama peke yake nyuma ya gari na kushika bomba kwa mikono miwili, anafanana na kitu kimoja tu, mgombea anayeomba kura. Njia nzima watu walinipungia mkono. Mahali pamoja kina mama wakapiga vigelegele. Nami nikawa napunga, ningefanya nini.

Kilindoni tukaambiwa boti haitatoka mpaka maji yajae, maana upande wa pili, kule Nyamisati, mlango wa mto hauingiliki maji yakiwa madogo. Tukasubiri. Nilinunua supu ya pweza na chapati nikala nimesimama nimeegemea ukuta, na Mama mkwe akala kwa upande wa kina mama.

Hapo ndipo uvumi wa busha ulipozaliwa. Alikuja mzee mmoja muuza halua, mkarimu sana, akaniuliza mbona sikai. Nikamwamkia, nikamjibu kama daktari alivyoniambia, kwamba nina mshipa umebanwa nakwenda Dar kutibiwa. Mzee akasogea karibu akashusha sauti. Akaniambia nisione haya, hata yeye alikuwa na mshipa miaka mingi, ulifikia ukubwa wa dafu, akapasuliwa, na leo anaendesha baiskeli. Mimi nikadhani dafu anazungumzia uvimbe wa mgongo, nikamwuliza kama alilala chali au kifudifudi baada ya kupasuliwa. Akanishangaa. Tulizungumza kitambo kirefu, yeye chini na mimi juu, mpaka akaniuliza kwa huruma kama watoto niliokwisha wapata wananitosha. Ndipo nikaelewa. Nikamweleza kwamba wangu ni mshipa wa fahamu, uko mgongoni, lakini nadhani aliona naficha, kwa sababu aliniombea dua kwa sauti, akamtaja Mola na huo mshipa mbele ya abiria wote. Mama mkwe alikuwa umbali wa kusikia. Aliitazama bahari.

Kilindoni mpaka Nyamisati

Ndani ya boti nilitandika mkeka karibu na mizigo nikalala. Maji yalikuwa na mawimbi kiasi, watu wakaanza kutapika mmoja mmoja. Mama mkwe alikuwa anatafuna tangawizi na kunusa ndimu, wala hakuyumba.

Alikuwa amefunga mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga. Ulipofika wakati wa kula, hakuniletea mwenyewe. Alimwomba mama mmoja aliyekaa kati yetu, mwalimu wa kutoka Tabora aliyekuja Mafia kwenye harusi ya rafiki yake, anisogezee kapu na kuniambia, "Mwambie Baba Rukia ale." Mimi nikamwambia yule mwalimu amwambie Mama ahsante, nimeshukuru. Mama akamwambia mwalimu aniambie samaki ana miiba. Na sisi tulikuwa tunasikiana vizuri, mkono wa mmoja ungemfikia mwenzake. Baada ya safari kadhaa za ujumbe yule mwalimu akavunjika moyo. Akaja akachutama kando yangu, akaniambia kwa upole kwamba baharini si pa kuweka kinyongo, na mama ni mama, hata kama amekosea nimwombe radhi tuzungumze. Nikamwambia hatujagombana, huyu ni mkwe wangu. Akauliza, kwa hiyo mkwe hasemeshwi? Nikamjibu anasemeshwa, ila si mtu akiwa amelala kwa tumbo anakula samaki. Alicheka, lakini sidhani kama aliridhika. Mpaka tunashuka alikuwa bado anatuangalia kwa masikitiko.

Nyamisati mpaka Mbagala

Nyamisati tulikula kamba wa kuchoma, wakubwa, wamepakwa ndimu na pilipili, na hao peke yao wanatosha kumtoa mtu Juani. Kisha tukapanda basi.

Basi ndilo nililoliogopa tangu nyumbani. Kukaa siwezi, kusimama mpaka Dar nako mguu usingekubali. Dawa niliyoigundua ilikuwa kupiga magoti juu ya kiti nimegeukia nyuma na kukumbatia mgongo wa kiti. Kiuno kikapumzika, mguu ukanyamaza. Lakini hapo nikawa natazamana na basi zima. Tulipopita Bungu nikaona watu wameacha mazungumzo yao wananiangalia kwa kungoja. Bwana mmoja akakohoa. Mama aliyenielekea akaniuliza kwa heshima kama dawa yenyewe ni ya kunywa au ya kupaka. Walikuwa wananidhania ni mmoja wa wale wauzaji wanaosimama ndani ya mabasi wakatoa hotuba ya minyoo na nguvu za kiume. Nilipowaambia mimi ndiye mgonjwa, basi zima likachangamka. Ikawa wao sasa wananiuzia mimi.

Mama mmoja wa Ikwiriri alisema mumewe alikuwa hivyo hivyo, akachomwa sindano ya mgongo Dar na sasa anaendesha pikipiki. Bwana mwingine akasema sindano ni ya kutuliza tu, shemeji yake alichomwa na baada ya mwaka maumivu yalirudi. Wa tatu akasema siku hizi wanatoboa kijitundu, wanapitisha kamera, wanatoa kilichobana, unarudi nyumbani kesho yake. Wa nne naye, bila shaka, alimjua bwana wa Jibondo, ila kwake bwana huyo alikuwa mtu wa Lindi. Nilishuka Mbagala nimepewa korosho na ushauri wa kutosha familia tatu.

Mdogo wake Mama mkwe, Bi Mwanaisha, alitupokea kwa boko boko la kuku. Alinitandikia sebuleni, akaniambia nilale nitakavyo, nyumba yake haina haya.

Kwa daktari

Kwanza nilipigwa picha ya MRI. Unaingizwa ndani ya bomba umelala chali na unaambiwa usitikisike, huku nje kama mafundi wanapiga bati. Kulala chali kuliniumiza mpaka machozi yakaniingia masikioni, lakini sikutikisika.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke, mtu wa bara, Dokta Neema, anaongea haraka na hacheki ovyo. Alimwamkia Mama mkwe shikamoo akamkaribisha kiti akidhani ni mama yangu mzazi, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha. Mimi niliona aibu, Mama sijui aliona nini. Akaninyanyua mguu nikiwa nimelala, nikapiga ukelele. Akaniambia ninyanyue kidole gumba yeye akikisukuma chini. Cha kulia kilimshinda, cha kushoto alikishusha bila taabu. Nilikitazama kile kidole kinavyoshuka nikaona cherehani yangu imefunikwa shuka daima.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile, kama mkojo unatoka vizuri, kama haja kubwa naizuia, na kama kule kati ya mapaja nina ganzi. Mama mkwe akainuka akaenda dirishani kuangalia magari. Nikajibu yote kwa kunong'ona. Daktari akaniambia niseme kwa sauti, hayo ndiyo maswali muhimu kuliko yote, kwa sababu mtu akipata hayo hangoji miadi, anapasuliwa haraka. Mimi sikuwa nayo.

Akanionyesha picha. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto. Mto mmoja wangu, wa chini, ulikuwa umepasuka pembeni na utomvu wake umechomoza, kama embe bivu ulibane kokwa litokee upande, na pale ulipochomoza ndipo panapopita mshipa wa kushoto. Akasema mara nyingi kile kilichochomoza husinyaa chenyewe kikipewa muda. Lakini mshipa umevimba kwa hasira. Sindano ingepeleka dawa ya kutuliza uvimbe pale pale kwenye mzizi wa mshipa, ili nipate nafasi ya kutembea na kufanya mazoezi wakati mwili unafanya kazi yake. Kidole kikizidi kulegea, au sindano isipofaa, tutakwenda kwenye kile kijitundu cha kamera.

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa kisu, nimeaga watu, nimeandika wosia. Kuambiwa sindano nikaona nimedharauliwa. Lakini nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Dokta, nitapooza?"

Alivuta kiti akakaa mbele yangu. "Hatari haikosekani, hata ya kutembea barabarani," akasema. "Kuna kutoka damu, kuna kupata maambukizi, ni nadra, na ndiyo maana nachoma huku naangalia picha, sichomi kwa kubahatisha. Ninachokiogopa zaidi kwako ni kuuacha huo mguu hivi ulivyo."

Mama mkwe, kutoka dirishani, bila kugeuka, akasema, "Achomwe."

Ndani ya chumba cha sindano

Wengi mmeniuliza hapa, kwa hiyo nieleze sawasawa. Unalala kifudifudi, jambo ambalo mimi nilikuwa bingwa wake. Juu yako kuna mashine ya eksirei yenye umbo la mkono uliopinda. Wanakupaka dawa ya baridi mgongoni, kisha sindano ndogo ya ganzi inayowasha kama kuumwa na siafu. Baada ya hapo husikii ngozi, unasikia kusukumwa tu. Daktari anaangalia kioo, anasogeza kidogo, anaangalia tena, kama mtu anayetafuta tundu la sindano jua likizama. Anaingiza maji ya rangi kwanza aone yanakwenda wapi.

Ghafla ule uchungu wangu wa siku zote ukashuka mguuni, njia ile ile, mpaka kidoleni, kama umeitwa kwa jina. Nikasema ndiyo huo. Naye akasema vizuri, usitikisike, ndio tunaoutafuta. Akaingiza dawa polepole. Mguu ukawa mzito, ukapata joto, halafu ukanyamaza. Kuanzia masika haukuwahi kunyamaza hivyo. Nililala pale nikiogopa hata kupumua, nisije nikauamsha.

Wakanipumzisha kitandani na usingizi ukanichukua, usingizi mtamu wa chali. Wakati nimelala daktari alikuja, akakuta mwangalizi wangu yupo, akampa yeye maelekezo yote. Nilipoamka Mama mkwe alikuwa ameniwekea maji, anatazama ukutani. Nikamwuliza daktari amesemaje. Akajibu kwamba amesema nitembee polepole, nisinyanyue vizito, na nirudi wiki ya pili. Nikaona basi, si mengi.

Mbagala tena

Siku hiyo nilikaa kitako nikala pilau. Bi Mwanaisha alipiga picha akawatumia jamaa. Kesho yake maumivu yakarudi. Keshokutwa yakawa makali kuliko ya Juani.

Sikumbuki kukata tamaa namna ile. Nililala kwenye sakafu ya sebule uso ukutani, nikajua sindano imekosea, na nikaanza kumwona bwana wa Jibondo waziwazi, hata kofia yake. Nilimwambia Bi Mwanaisha nataka nirudishwe hospitali nipasuliwe sasa hivi, kama ni kupooza nipooze nijue moja. Mama mkwe alikuwa anapita mlangoni, anasimama, anafungua kinywa, anaondoka. Mara nyingi alifanya hivyo. Mara moja aliingia kabisa, akasema, "Baba Rukia, subira," kisha akatoka mbio jikoni. Nikafikiri ananihurumia.

Kumbe alikuwa na siri ya kuniponya na haisemeki. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ganzi ikiisha maumivu yanaweza kurudi, hata kuzidi kwa siku mbili tatu, kabla dawa yenyewe haijashika, tusiogope. Hiyo angeweza kuniambia. Lakini katika pumzi hiyo hiyo daktari alimweleza, kama mama anayemweleza mama, habari za mimi na mke wangu chumbani, kwamba niende taratibu mpaka nirudi kwake, na mkao upi una nafuu kwa kiuno. Sasa mkwe anaanzaje maneno hayo? Na akianza ya ganzi, je, nikimwuliza na nini kingine? Yeye si mtu wa kudanganya. Akaona njia ni moja, ampigie binti yake amwambie yote, binti anipigie mimi. Na binti yuko mwanini, simu ameiacha nyumbani, na hata akiwa nayo mtandao wa kwetu mnaujua.

Zuhura alinipigia asubuhi ya siku ya tatu. Alikuwa anacheka hata salamu haziwezi. Nikakasirika, nikamwambia mimi huku nakufa na wewe unacheka. Akanisomea maelekezo yote tangu mwanzo mpaka mwisho, hayo ya chumbani akayarudia mara mbili. Nikamwuliza nani kakwambia haya. Akasema mama. Nikatazama mlangoni. Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo iliyokwisha kauka.

Nilimwita. Nilisema tu, "Mama, ujumbe umefika. Ahsante." Akaitikia haya, kwa sauti ndogo, akaendelea na nguo. Bi Mwanaisha ilibidi aende kwa jirani kuchekea huko.

Na kweli, dawa ikashika. Haikushika kwa siku moja. Ilikuwa naamka naona uzi umelegezwa kidogo. Nikaanza kutembea mpaka msikitini, kisha mpaka sokoni. Mtaalamu wa mazoezi akanifundisha kujinyoosha na kuinama kwa magoti badala ya kiuno, na akaniambia cherehani yangu niipandishe, na nisikae bila kuinuka. Niliporudi kwa Dokta Neema akakisukuma kile kidole. Kilishuka, lakini safari hii ilibidi akaze mkono. Akasema nguvu inarudi, ganzi ya kidoleni itachukua miezi, na hakuna anayeweza kuniahidi kwamba haitajirudia. Nilipenda alivyosema hivyo. Waliokuwa wameniahidi kupona moja kwa moja walikuwa wengi.

Kurudi nyumbani

Safari ya kurudi haina vituko, kwa sababu nilikuwa nimekaa. Nilikaa ndani ya basi, naangalia mbele kama watu, nainuka kila gari likisimama. Nilikaa ndani ya boti. Kilindoni nilimkuta yule mzee wa halua, akanitazama ninavyotembea, akasema umeona, nilikwambia, na mimi nikamwachia furaha yake.

Utende tukapanda mashua ya Makame, tupu safari hii. Nilitegemea Mama mkwe aende omoni kama kawaida yake. Akaja kukaa ubao mmoja na mimi. Mashine ikawashwa, kelele ikatufunika, ndipo akaniuliza, huku anaangalia maji.

"Baba Rukia. Ile sindano, inauma kiasi gani?"

Nikadhani anataka la kuwaambia watu. Nikamweleza ile baridi, ile ya siafu, kule kusukumwa, na ule uchungu unaoshuka mara moja. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi naye huchomwa. Nikamwambia niliwaona pale wakubwa kuliko yeye. Akasema aa, akajisogeza kidogo kwenye ubao.

Ndipo nikamwangalia anavyokaa. Alikuwa amekalia upande mmoja tu, na mkono ameuweka chini ya paja kulinyanyua kutoka kwenye ubao. Ule mkao mimi naujua. Ningeujua popote.

"Ni mguu gani, Mama?"

Alimtazama Makame kwanza, ahakikishe hasikii.

"Wa kulia," akasema. "Mwanangu, tangu nilipomzaa mke wako."

Nikafikiria makapu aliyoyabeba, foleni alizosimama kwa ajili yangu, ngazi za hospitali, na miaka yote ya kuinama kwenye mwani. Na katika safari nzima mimi ndiye niliyekuwa naugua kwa sauti. Nikamwambia Dokta Neema ataweza kumwona, na kwamba Zuhura nitamwambia mimi, yeye asijisumbue kutafuta wa kumtuma. Kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka, amejifunika kinywa kwa ukaya wa buibui lake.

Mashua ilipogusa Juani niliruka kwanza, maji yakanifika magotini. Nikageuka nikamnyooshea mkono. Aliutazama mkono, akanitazama usoni, akaushika na kushuka kwa uzito wake wote. Mgongo wangu haukusema kitu.